Unapopanda meli na mtoto mchanga kwenda Unguja na Pemba



Kila zinapokaribia sikukuu za Idd, na kila shule zinapofungwa, kina mama wanaoleta watoto kliniki hapa Temeke huniuliza swali moja: "Daktari, nataka kumpeleka mtoto akaonwe na bibi yake Unguja, je, bahari haitamdhuru?" Wengine wanakwenda Pemba, Wete au Mkoani, safari ya usiku kucha. Mtoto ana miezi miwili, mitatu, mwingine hata arobaini haijatimia. Mimi si daktari, ni tabibu tu, lakini wamenizoea hivyo na nimechoka kuwasahihisha. Swali lenyewe ni la msingi, na kwa kuwa nimelijibu kwa mdomo mara nyingi mpaka sauti inakauka, leo insha-Allah nalijibu kwa kalamu.

Nianze na kisa, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike. Mama mmoja wa Mbagala alishuka boti akitokea Unguja, akapanda bajaji moja kwa moja hadi kituoni kwetu. Mtoto wake wa miezi mitano alikuwa amelegea kama kitambaa kilicholowa. Ukimwita hafumbui macho, ukimfinya unyayo analia kidogo kisha analala tena, na pumzi zake zilikuwa chache, nyepesi. Homa hakuna. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Tukamuuliza mama mtoto amekula nini, akasema nyonyo tu. Tukauliza tena, na tena, mpaka mama mkubwa aliyefuatana naye akatoa chupa kwenye mkoba. Ilikuwa Phenergan ya maji. Alimpa kijiko cha chai kabla ya boti kuondoka "asije akalewa bahari", na njiani mtoto alipolia akamwongeza kingine. Tulimpa oksijeni, tukamkimbiza hospitali kubwa. Alhamdulillahi, aliamka kesho yake. Lakini nilipokuwa nikihesabu pumzi zake pale kitandani sikuwa na hakika kama ataamka.

Nawaomba sana, ndugu zangu, hili mlielewe kabla ya mengine yote. Phenergan, ambayo dawa iliyomo ndani yake huitwa prometazini, haipewi kabisa mtoto aliye chini ya miaka miwili. Inalegeza ubongo wa mtoto mchanga mpaka ule mwendo wa kupumua, ambao mtu mzima haufikirii hata akiwa usingizini, unaweza kusimama. Piriton nayo ni ya jamaa hiyo hiyo. Hizi ni dawa za mzio, na usingizi ni madhara yake ya pembeni, si kazi yake. Wazazi wengi wanajua kwamba zinalaza, na muuzaji wa duka la dawa ukimwambia "mtoto anasumbua usiku" huenda akakupa bila kuuliza umri. Usimlaze mtoto kwa dawa ili wewe usafiri kwa raha. Mtoto anayelia melini anaudhi abiria wenzako kwa saa mbili tu.

Na la ajabu ni kwamba dawa yenyewe haikuhitajika. Watoto walio chini ya miaka miwili ni nadra sana kulewa bahari. Sababu yake iko hivi. Ndani kabisa ya sikio, nyuma ya ngoma, kuna kiungo kidogo chenye majimaji ambacho kazi yake ni kuuambia ubongo kwamba mwili umeinama, umegeuka au unakwenda mbele. Ukiwa ndani ya meli umekaa kitini, macho yanaona kiti na ukuta vimetulia, lakini sikio linasema tunapanda, tunashuka, tunayumba. Ubongo unapata habari mbili zinazopingana, na mvutano huo ndio unaoleta kizunguzungu, jasho la baridi, kigegezi, kisha matapishi. Kwa mtoto mchanga ambaye hajasimama wala kutembea, mpango huu wa macho na sikio haujakomaa, kwa hiyo mvutano haumsumbui. Wanaosumbuka zaidi ni wa kuanzia miaka miwili hadi kama kumi na miwili, na kina mama, hasa wenye mimba.

Kwa hiyo mwenye kulewa ni wewe, mama, na hapo ndipo hatari ya mtoto ilipo. Mama mwenye kizunguzungu, amempakata mtoto, anainuka kwenda kutapika huku sakafu inayumba, ndiye anayeanguka na mtoto. Nimeona jeraha la kichwa la namna hiyo. Ukihisi kigegezi kinaanza, mkabidhi mtoto kwa mwenzako mapema, usingoje. Usisafiri peke yako na mtoto mchanga kama unaijua bahari inakushinda. Baba asiseme ana kazi; kama hawezi yeye, aende shangazi, dada au jirani.

Mama anayenyonyesha anaweza kujisaidia bila dawa. Kaa katikati ya chombo, si mbele kabisa wala nyuma kabisa, kwa sababu meli inapopanda wimbi ni kama ubao wa pembea: ncha zinapanda na kushuka sana, katikati pametulia. Angalia nje, mbali, pale mbingu zinapokutana na maji, ili macho yaone mwendo ule ule ambao sikio linauhisi. Usisome, usiangalie simu. Kula kidogo kabla ya safari, ugali wa moto na samaki wa kukaanga saa hiyo si mahali pake. Kipande cha tangawizi kinawasaidia wengi. Ukiona lazima unywe dawa ya kuzuia kutapika, mwambie mfamasia kwamba unanyonyesha, kwa sababu nyingi zinaingia kidogo kwenye maziwa na kumfanya mtoto asinzie.

Akina mama wengine huniuliza juu ya kuziba masikio ya mtoto kwa pamba. Hilo ni la ndege, na hata kwenye ndege pamba haisaidii, kinachosaidia ni kunyonya. Baharini hewa haibadiliki uzito. Acheni masikio ya watoto.

ASAFIRI AKIWA NA UMRI GANI?

Zile meli kubwa za kitalii za Ulaya na Marekani, ambazo siku hizi tunaziona hata kwenye pwani yetu, zenye maduka na mabwawa ya kuogelea ndani, nyingi hazimpokei mtoto aliye chini ya miezi sita. Kwa safari za kuvuka bahari kuu, wengi wanataka awe ametimiza miezi kumi na miwili. Si kwamba mawimbi yanamchukia mtoto. Meli ikiwa katikati ya bahari siku kadhaa, na daktari wake hana vifaa vya watoto wachanga, mtoto akipata homa kali hakuna pa kumpeleka. Mtoto mchanga huzidiwa kwa saa chache, si kwa siku. Meli hizo hizo pia haziruhusu mtoto anayevaa pampasi kuingia kwenye mabwawa, kwa ajili ya maradhi ya kuhara.

Safari yetu ni fupi. Boti za kasi kama zile za Kilimanjaro zinachukua kama saa mbili hadi Unguja, na pande zote mbili kuna hospitali. Kwa hiyo sitakuambia usubiri miezi sita. Lakini mtoto aliye chini ya wiki sita, ambaye hajapata hata chanjo zake za kwanza baada ya zile za kuzaliwa, mama yake mwenyewe mgongo haujapoa, anapelekwa wapi? Bibi avuke yeye. Mwenye kidonda cha kupasuliwa ndiyo kabisa asikimbilie ngazi za boti. Na mtoto aliyezaliwa njiti, au mwenye matatizo ya moyo au kifua, asisafiri kabla ya kumwona anayemtibu.

Chanjo ni suala kubwa kuliko mawimbi. Ndani ya boti mmefungiwa mamia ya watu, madirisha hayafunguki, hewa ni ile ile ya kiyoyozi inayozunguka. Mnakumbuka meli ya Diamond Princess iliyozuiwa Yokohama, Japani, Februari 2020, ilikuwa na watu 3,711 na zaidi ya 700 wakaambukizwa korona. Kwetu mimi naogopa zaidi surua. Ratiba yetu inatoa chanjo ya surua na rubela miezi 9, kisha miezi 18, maana yake mtoto wa miezi saba hana kinga yake mwenyewe. Ukisikia kuna surua mtaani kwenu au kule uendako, ahirisha. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, pamoja na ile ya rota ya matone inayozuia kuhara kukali, zisipitwe kwa sababu ya safari. Kama tarehe inaangukia ukiwa Unguja, nenda na kadi ya kliniki, huko nako wanachanja. Kadi iwe mkobani kwako, si kwenye begi kubwa alilobeba mchukuzi.

CHAKULA, MAJI NA ASALI

Mtoto aliye chini ya miezi sita chakula chake ni maziwa ya mama peke yake. Hata kwenye joto la bandarini. Hata bibi akisema koo linamkauka. Maziwa ya mama sehemu yake kubwa ni maji, na mtoto akiwa na kiu atanyonya mara nyingi zaidi. Wewe ndiye unayetakiwa kunywa maji, yeye anayapata kwako. Kijiko kimoja cha maji ya mfereji kinatosha kumwanzishia kuhara ambako kutawakuta katikati ya bahari. Stara ni rahisi, kanga moja juu ya bega au mtandio mpana, na ukimuomba mhudumu kiti cha pembeni wengi wao watakusaidia. Usimnyime mtoto nyonyo kwa kuona haya.

Anayetumia maziwa ya kopo abebe chupa ya chai yenye maji yaliyochemshwa, na unga uwe mkavu pembeni. Changanya wakati wa kumnywesha tu, maji yangali ya moto, yapoze, mpe, na kilichobaki baada ya saa mbili mwaga. Kikombe na kijiko vinaoshwa vizuri kuliko chupa yenye chuchu ya mpira, ambayo uchafu hujificha kwenye mikunjo yake. Uji wa mtoto wa zaidi ya miezi sita nao ni hivyo hivyo, uwe kwenye chupa inayotunza joto. Karanga, bisi na ubuyu unaouzwa pale getini si vya mtoto mdogo, boti ikiruka wimbi kitu hicho kinaingia kwenye koromeo.

Kuna jambo nalisema kwa adabu, kwani najua litawagusa wengi. Asali. Sisi Waislamu tunaiheshimu asali na tunajua kuwa ndani yake mna shifaa. Mimi mwenyewe naitumia. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali, si ya kumtuliza melini wala ya kikohozi. Asali inaweza kubeba mbegu za kijidudu ambacho tumbo la mtu mzima linakishinda, bali tumbo la mtoto mchanga halijaweza. Kinaota ndani ya utumbo na kutoa sumu inayopoozesha misuli, kuanzia kufunga choo, kulegea shingo, mpaka kushindwa kunyonya na kupumua. Ni maradhi ya nadra, ila yakitokea ni mazito. Anayetaka kumfanyia mtoto tahniki anayo tende, iliyosagwa laini kabisa kwa mikono safi.

Beba paketi mbili za ORS na vidonge vya zinki. Mtoto akiharisha, mnyonyeshe zaidi, na ORS ichanganywe kwenye lita moja kamili ya maji safi yaliyochemshwa na kupozwa; watu huichanganya kwenye kikombe wakidhani ikiwa kali ndiyo dawa, kumbe chumvi nyingi inamdhuru. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko. Zinki ni nusu kidonge, yaani miligramu 10, kwa aliye chini ya miezi sita, na kidonge kizima cha miligramu 20 kwa aliyezidi, kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma.

CHOO CHA MTOTO NA TAHARA

Watu wengi huona kinyesi cha mtoto anayenyonya si uchafu wa kuogopwa. Ni kosa. Vijidudu vya kuhara vinamo humo, pengine vingi kuliko kwa mkubwa. Ukimbadilisha mtoto kwenye kiti cha abiria, ukafuta kwa tishu, kisha ukamega mkate, umeshajua kitakachofuata. Tandika mpira au kanga kuukuu, funga pampasi iliyotumika ndani ya mfuko usiopitisha maji, nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Zile dawa za kupaka mikononi zenye spiriti ni afadhali kuliko kutofanya kitu, ila kuna virusi vya kuharisha na kutapika ambavyo haviziogopi sana, na ndivyo vinavyosumbua meli kubwa za watalii. Februari 2024 meli ya Norwegian Dawn ilizuiwa kwanza kutia nanga Mauritius kwa wasiwasi wa kipindupindu baada ya abiria kuugua matumbo; vipimo vikaonyesha si kipindupindu, lakini watu zaidi ya elfu mbili walikuwa wameshakwama.

Pampasi haitupwi baharini. Haitupwi chooni pia, kwa sababu choo cha meli kina bomba jembamba na kikiziba, abiria wote wataogelea kwenye uchafu wa mwanao. Beba mpaka nchi kavu. Ndani yake mna plastiki, na plastiki imekatazwa kutupwa baharini kwa mikataba ya kimataifa, wala huhitaji mkataba kujua kwamba samaki wa Feri unaowanunua wewe wanaishi humo.

Upande wa tahara: wa Shafi wanajua kwamba mkojo wa mtoto wa kiume ambaye hajala kitu kwa lishe isipokuwa maziwa, na hajafika miaka miwili, hunyunyiziwa maji yakaenea mahali palipolowa, na wa mtoto wa kike huoshwa. Hiyo ni sheria ya nguo kwa ajili ya sala. Ngozi ya mtoto, wa kike na wa kiume, yote ioshwe na kukaushwa, la sivyo atababuka. Mtume (s.a.w.) alisali hali amembeba mjukuu wake Umama, na kina mama hunitajia hilo. Ni kweli, lakini pampasi iliyojaa ni najisi uliyoibeba. Mbadilishe kwanza au mpe mwenzako amshike. Weka kanga moja safi kwenye mfuko wake, isiguswe ila kwa sala. Chombo kikiyumba ukawa unaogopa kuanguka, kusali umekaa kunajuzu. Ama kupunguza sala, Dar es Salaam hadi mjini Unguja ni kilomita 70 na kitu, na wengi katika wanazuoni wa Kishafi wanahesabu masafa ya zaidi ya kilomita 80. Pemba ni mbali zaidi. Hapo muulizeni sheikh wenu, mimi nirudi kwenye mambo ya afya.

BAHARI INAPOCHAFUKA

Kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, na miezi ya katikati yake ndiyo bahari inapokuwa nzito. Kaskazi ni Desemba hadi Machi. Kati ya hizo, wakati wa maleleji, bahari hutulia, na mwenye mtoto mchanga akiweza kuchagua achague hapo. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa upepo mkali na mawimbi makubwa, nao husomwa redioni. Ukiusikia, tiketi iliyopotea si hasara. Kwa wa Pemba, mkondo wa Nungwi mnaujua wenyewe.

Hatusahau. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, siku chache baada ya Idd el Fitri, MV Spice Islander I ikitoka Unguja kwenda Pemba ilizama huko huko Nungwi ikiwa imejaza watu kupita uwezo wake, na mamia wakafa, watoto wengi miongoni mwao. Julai 18, 2012, Ramadhani ikiwa mlangoni, MV Skagit ikitoka Dar es Salaam ikazama karibu na Chumbe katika upepo wa Kusi. Mwenyezi Mungu awarehemu. Mojawapo ya mambo yaliyoleta uchungu baada ya misiba ile ni kutojulikana kwa hakika waliokuwamo walikuwa wangapi. Kwa hiyo unapokata tiketi, mtaje mtoto wako kwa jina na umri, aandikwe, hata kama halipiwi nauli. Ukiona chombo kimejaa mpaka watu wanakaa kwenye ngazi, shuka. Sisemi hivyo kwa kupamba maneno. Shuka na mtoto wako, uende kesho.

Ukishakaa, kabla boti haijang'oa nanga, muulize mhudumu: jaketi okozi la mtoto liko wapi? La mtu mzima halimfai. Akivalishwa, mwili wake mdogo unaponyoka kwa chini, jaketi linaelea na mtoto anazama. La mtoto mchanga lina mkanda unaopita katikati ya mapaja na kola inayoinua kichwa. Katika meli zinazokwenda nchi hadi nchi, sheria za kimataifa zinataka kwa safari isiyofika saa 24 kuwe na majaketi ya watoto wadogo angalau asilimia 10 ya idadi ya abiria, na ya wachanga wasiofika kilo 15 angalau asilimia 2.5. Kwa vyombo vyetu vya ndani, uliza na uonyeshwe kwa macho. Usione haya, umelipa nauli. Jifunze kulifunga wakati bahari imetulia, na hesabu viti kutoka ulipo hadi mlango wa kutokea, kwa sababu taa zikizimika utahesabu kwa mkono.

Mtoto asifungwe mgongoni kwa kanga muda wote mkiwa melini. Ukianguka unamwangukia, na la kutokea likitokea huwezi kumvalisha wala kumtoa haraka. Mpakate mbele. Kamba, shanga au hirizi ndefu shingoni mwake, ivue kwa safari hii, inanasa. Kwenye meli kubwa za usiku zinazobeba magari, watu hutandika mikeka popote. Usilale karibu na ukingo, na usikae huko chini kwenye magari kwa kutafuta nafasi: moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na harufu, na mtoto ndiye wa kwanza kuvuta nyingi. Ndani ya boti za kasi kiyoyozi ni kikali, nje ni jua la Malindi, basi mvalishe nguo mbili tatu nyepesi unazoweza kuvua moja moja, badala ya sweta moja nzito linalombabua.

Mkifika, mtoto akiwa na homa, akigoma kunyonya, akitapika kila kitu au akitapika matapishi ya kijani, akipumua mbio, akipata degedege, utosi ukibonyea, au akiwa mlegevu hataki kuamka, msimpeleke kwanza kwa mtu wa kumpiga utosi. Mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu, na mseme mmetoka Bara. Zanzibar imepunguza malaria sana, na mgeni kutoka kwetu mwenye homa wanataka kumpima siku hiyo hiyo. Chandarua cha mtoto kibebeni, kinakunjwa kikawa kidogo.

Kuna msomaji wa Tandika aliyeniuliza juu ya Ramadhani: ananyonyesha mtoto wa miezi minne na atavuka kwenda Chake Chake mwezi ukiwa katikati. Dada yangu, unayo ruhusa ya msafiri na unayo ya mnyonyeshaji. Kama maziwa yanapungua au kichwa kinakuzunguka, kula na unywe, kisha panga na sheikh wako namna ya kulipa. Na mwambie mama mkwe kwamba tabibu ndiye aliyesema.

Wassalaam alaykum.